Beseni la Majani

Kabla ya kupanda treni, Inspekta Lise Numbi alipita kwanza kwa Mama Gisèle, mtaa wa watu wa reli pale Kamina, akakuta mlango uko wazi. Haukuachwa wazi kwa ajili ya joto. Ulikuwa umewekewa jiwe ili upepo usiufunge. Tangu binti yake Bijou apotee, Mama Gisèle hakumruhusu mtu yeyote kuufunga, na majirani waliokuja kumshauri atandike turubai na kupanga viti vya kilio aliwafukuza kwa ufagio. Mmoja wao alikuwa dada yake wa tumbo moja.

"Bandugu yake banasema bwana yake André njo alimuua," alisema mama huyo bila kumkaribisha mgeni kiti. "Mukubwa yako Kayembe anasema vilevile. Weye unasema nini?"

"Minyi sijue bado, Mama. Naenda kule kule alitumikaka kazi."

"Basi wende uone na macho yako. Usiniletee maneno ya kusikia-kusikia." Alisogeza jiwe la mlango kwa mguu, likakaa vizuri zaidi. "Sitaki kulia mutoto muzima, Lise. Na sitaki kuendelea kungojea mufu. Uniambie moja, kisha niachie."

Lise alikubali, na hapo hapo akajuta kukubali, maana polisi mwenye akili haahidi kitu asichokishika mkononi.

Kesi yenyewe ilionekana rahisi, na urahisi wake ndio uliomkera. Bijou alikuwa mtandika vitanda kule Ludimi, kisiwa cha matajiri kwenye maziwa ya chini ya Bukama. Mume wake André, fundi wa breki za mabehewa, alikwenda kumrudisha nyumbani. Alirudi peke yake, amebeba mfuko wa nguo za mkewe. Shemeji zake walimpiga hapo hapo kwenye jukwaa la stesheni mpaka polisi wakamwokoa kwa kumtia ndani. Yeye alisema waligombana: Bijou alifunga mfuko, akampa aubebe, kisha dakika ya mwisho akakataa kupanda mashua. Kule kisiwani wafanyakazi wote walisema wawili hao waliondoka pamoja.

"Mume amerudi na mfuko bila mke," alisema Komanda Kayembe. "Unatafuta nini tena? Ijumaa anakwenda gereza kubwa, na nyumba yake isipochomwa moto kabla ya hapo tumshukuru Mungu."

"Hakuwa na samaki," alijibu Lise.

Kayembe alimtazama kama mtu anayemtazama mgonjwa. Lakini yeye si mtu wa Kamina, alizaliwa mbali. Mtu wa Kamina hatoki kwenye maziwa bila samaki wa kukausha. Hata mwizi hununua. Muuaji aliyejipanga kusema mkewe amebaki salama angeleta fungu zima na kumwambia mama mkwe, shika, binti yako anakusalimia. André alishuka kwenye treni na mfuko wa nguo tu, kama mtu aliyeondoka kwa hasira bila kugeuka nyuma. Lise aliamini hasira hiyo kuliko alivyoamini maneno ya wafanyakazi wote wa kisiwa.

Pale Bukama alipanda mashua ya Kisimba, yule yule aliyesema aliwavusha wote wawili. Kisimba alikuwa mtu mnene mwenye sauti ndogo, na tangu waache gati hakumtazama abiria wake usoni.

"Bijou alikaa wapi?" Lise aliuliza.

"Mbele."

"Alibeba nini?"

"Hapana kitu."

"Hata samaki?"

"Hata samaki, Mama Inspecteur."

"Anaenda kuona mama yake Kamina, mikono mitupu?"

Kisimba alipunguza mwendo wa injini ingawa mbele hakukuwa na kitu ila mafunjo na maji. "Banasema nilibavusha babili," alijibu. "Njo vile na minyi nasema."

"Nani banasema?"

Aliongeza gesi, na kelele ya injini ikammalizia mazungumzo.

Ludimi maana yake ulimi, na ndivyo kisiwa kilivyo: mchanga mrefu mwembamba uliolala kati ya mfereji wa mafunjo na ziwa lililo wazi. Upande wa ziwa mawimbi yanapiga kweli, na weupe wa mchanga unaumiza macho. Matajiri wa Lubumbashi na Kolwezi wanasema wanakwenda baharini, ku mer, na hakuna wa kuwabishia, kwa kuwa wengi wetu bahari yenyewe hatujaiona. Wamejenga mji mzima pale. Kuna barabara moja ya mawe, vigari vya betri vinavyopita bila sauti, duka la aiskrimu, kanisa dogo jeupe la harusi za watu wa mbali, na nyumba za vioo zenye namba. Wafanyakazi wanaishi nyuma ya uzio wa mianzi ambao kutoka barabarani unauona ni ukuta wa bustani.

Ilikuwa katikati ya wiki na wageni walikuwa wachache. Redio hazikulia. Lise alipita nyumba tatu zilizofungwa, na kwenye ya nne pazia likasogea kidogo kisha likatulia. Kando yake, juu ya mchanga, mashua moja ya mwendo kasi ilikuwa imepandishwa kwenye magogo. Pua yake ilipakwa rangi mpya, nyeupe kuliko mwili wote. Lise aliinusa rangi hiyo kabla ya kufika karibu.

"Matengenezo ya kawaida," ilisema sauti nyuma yake. "Karibu Ludimi, Madame l'Inspecteur."

Huyo ndiye Gamaliel, msimamizi wa kisiwa, kijana mrefu wa Luena aliyevaa shati jeupe na kofia ya bluu yenye picha ya ndege mwenye samaki mdomoni. Alizungumza Kiswahili cha mtu aliyesoma hoteli. Hakukasirika kwa swali lolote, na hilo Lise alilitia akilini. Mtu asiye na hatia huchoka, hutukana hata, akiulizwa jambo moja mara tatu.

"Waliondoka pamoja, asubuhi ya Jumapili, kukiwa na ukungu. Mimi mwenyewe niliwaona."

"Waligombana?"

"Mume na mke, Madame. Nani hagombani?"

"Naomba unizungushe kisiwa. Nataka nione kila kitu."

Alimpeleka kwa hiari. Walitembea mpaka mkiani, mwisho wa kisiwa, ambako mchanga unakuwa mwembamba na maji yanaonekana pande zote mbili. Pale palikuwa na msingi wa baa mpya na vitalu vya maua mekundu vilivyozungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa. Gamaliel alieleza kuhusu udongo mweusi unaoletwa kwa mashua kwa kuwa mchanga hauoteshi. Akieleza, alivua kofia, akaishika kifuani, na akaivaa tena walipogeuka kurudi. Lise alidhani ni jasho.

"Na mutu akikufa huku, munamuzika wapi?" aliuliza, akiwa anauliza tu.

"Ludimi hakufiwi." Gamaliel alitabasamu. "Patron, mwenye kisiwa, hataki kaburi hata moja hapa. Mgonjwa anavushwa Bukama kabla hajazidiwa. Wageni wanalipia furaha, Madame."

Nyumba ya msimamizi iko mwanzoni mwa uzio wa mianzi. Kwenye baraza alikaa mkewe, Chancelvie, na mtoto mchanga ambaye hata nywele za tumboni hazijanyolewa. Alimwona mume wake, akanyanyuka na kumnyooshea mtoto.

"Ngoja," alisema Gamaliel, kwa haraka kidogo.

Alizunguka kona kwenda nyuma ya jiko la wafanyakazi. Kupitia nafasi ya mianzi Lise alimwona akiinama kwenye beseni la bluu lililowekwa chini kando ya mlango. Majani yaliyopondwa yalielea ndani yake. Alitumbukiza mikono mpaka kwenye viwiko, akaikung'uta bila kuifuta, ndipo akarudi na kumpokea mwanawe huku maji yakidondoka. Baba msafi, aliwaza Lise, na akamheshimu kwa hilo.

Alimheshimu mpaka kahawa ilipofika nusu ya kikombe. Hapo aliona bomba. Lilikuwa palepale barazani, pua ya shaba inayong'aa, na sabuni yenye harufu ya waridi kwenye kisahani, hatua chache kutoka kwenye kiti cha Chancelvie. Mtu aliyesoma hoteli ameiacha sabuni ya waridi, amezunguka nyumba, amenawa kwenye beseni la majani.

Hakuna mtoto wa Kamina, wala wa Luena, wala wa Kabongo, asiyelijua beseni hilo. Ukitoka makaburini hukanyagi kizingiti cha mtu kabla hujanawa nje, na mwenye mtoto mchanga ndiye anayeogopa kuliko wote, maana mauti hufuata mikono inayombeba. Unaweza kumfundisha mtu kuvaa shati jeupe na kusema Madame. Kumwondolea hofu hiyo akiwa na mtoto wa wiki chache ni kazi nyingine.

Lakini kunawa mara moja si ushahidi, na Lise hakuwa mtu wa kukimbilia pingu. Huenda lilikuwa beseni la samaki. Aliweka kikombe chini.

"Nimesahau kuona gati na mashine ya umeme," alisema. "Unisamehe, tutembee tena."

Walikwenda upande wa pili, kichwani mwa kisiwa. Alimchosha Gamaliel makusudi: alimfungulisha chumba cha mashine, akamfanya ashike mitungi ya mafuta, akamwomba ainue wavu wa samaki uliooza uliokuwa umetupwa chini ya gati. Mikono ya msimamizi ilinuka samaki na mazuti ya mashine. Waliporudi, mtoto alikuwa analia, na Chancelvie akamnyoosha tena.

Gamaliel alinawa haraka kwenye bomba la barazani, akatumia sabuni ya waridi, akamchukua mwanawe. Nyuma ya jiko hakwenda.

Lise alimshukuru kwa kahawa. Kisha alirudi mkiani peke yake, na safari hii hakuiangalia baa wala ziwa. Nyumba ya nne aliipita akiwa ameinamisha kichwa, na alihisi pazia lile likimfuata mgongoni.

Vitalu vya maua vilikuwa vingi, na vyote vilifuata njia, vimelala kwa kupendeza macho ya wageni. Kimoja tu kililala kinyume, kikielekeza upande mmoja mawioni na wa pili machweoni, kama walalavyo wafu wa parokia yake mwenyewe. Alichuchumaa. Maua yake yalikuwa yamenyauka. Aliyeyapanda hakuwa na nia ya kuyamwagilia. Katikati ya mashina alipapasa kitu baridi. Kilikuwa kikombe cha bati chenye picha ya kuku, na kitako chake kilitobolewa msumari. Hakuna anayekunywea kikombe kama hicho. Kinatobolewa kwa ajili ya marehemu aliyekuwa akikitumia, kikawekwa juu ya kaburi lake.

Alikiacha palepale. Alikaa kidogo kwenye mchanga, maana mpaka dakika hiyo, chini chini, alikuwa bado anatumaini kumkuta Bijou amejificha mahali, amenuna.

Kwenye jiko la wafanyakazi Mama Suzanne, mpishi, mwanamke wa Kabongo mwenye kitambaa kilichofungwa mpaka kwenye nyusi, alikuwa anakoroga bukari, ugali wa huko. Alimwona inspekta akija kutoka upande wa mkia, akaacha kukoroga. Lise hakumwuliza kitu. Alikwenda moja kwa moja kwenye beseni la bluu, akakunja mikono ya shati, akanawa mpaka kwenye viwiko, akakung'uta bila kufuta. Ndipo akasimama mlangoni.

Mwiko ulianguka. Mama Suzanne alikaa chini, sakafuni, miguu ameinyoosha.

"Nani alikuambia?"

"Ninyi wenyewe, Mama. Munamuzika mutu, kisha munaweka mayi inje kila siku. Mulitaka tusione?"

"Tungefanya nini?" Sauti ya mpishi ilikuwa inapasuka. "Gérant Gamaliel alisema hakuna kilio, hakuna wimbo, hakuna kunyoa. Alisema yule atalia, anatoka mu kazi. Tulikubali yote. Ile beseni tu njo tulikataa. Tuko na batoto! Na yeye iko na mutoto! Alisema tumwange ile mayi, lakini ile siku yenyewe alitoka kule kuweka mawe, akanawa wa kwanza." Alivua kitambaa. Kichwa kilikuwa kimenyolewa. "Nilinyoa. Aone, asione, minyi nilimunyolea Bijou. Alikuwa ananiitaka yaya, dada mukubwa."

"Nani alimuua?"

Mama Suzanne alitazama upande wa nyumba ya nne, na akashusha sauti mpaka Lise akalazimika kuchuchumaa.

"Mashua ya bwana yake ilikuwa imekwenda. Bijou alikuwa ku gati analia. Nilimuambia, weye na kichwa yako nguvu, wende umufuate. Akakamata mutumbwi ya bavuvi, akapiga kafi, anamuita André, André. Ukungu ilikuwa mingi. Yule bwana wa namba nne alikuwa anakunywa tangu jana yake, samedi. Alitoka na mashua yake mbio, bila kuona. Tulisikia tu: pa." Alipiga kiganja sakafuni, mara moja. "Minyi njo nilimutuma, Mama. Minyi."

"Hapana. Weye ulimutuma kwa bwana yake," alisema Lise, na akamshika kichwa kile kilichonyolewa, jambo ambalo taratibu za polisi haziruhusu wala hazikatazi.

Gamaliel hakukimbia. Lise alimkuta barazani, mtoto begani, kofia mapajani, na alipoiona mikono ya inspekta ikiwa na maji alielewa yote bila kuambiwa.

"Sikumuua," alisema, kwa Kiswahili cha kwao Luena safari hii. "Patron alinipigia simu. Alisema kama iko maneno, kisiwa inafungwa, bantu yote tunarudi ku nyumba. Minyi nilizika tu."

"Ulizika tu, na ukaacha André akamatwe."

"Nilifikiri batamuachia."

"Mupe mama yake mutoto," alisema Lise.

Simu inashika pale gatini tu. Aliita polisi wa Bukama na mwendesha mashtaka, akasimama akilinda kile kitalu mpaka walipofika. Walichimba mbele ya Kisimba, ambaye alilia waziwazi na kutaka kuandikisha maelezo mapya hata kabla hajaombwa. Bijou alikuwa amefungwa shuka la hoteli, safi, limekunjwa kwenye pembe kama alivyokuwa akizikunja yeye. Lakini wakati wote wanashughulika mkiani, injini ilinguruma mara moja upande wa nyumba ya nne, na walipokimbilia huko magogo yalikuwa matupu. Rangi nyeupe ilikuwa imedondoka juu ya mchanga. Pazia lilikuwa limeondolewa kabisa, na ndani ya kile kioo kikubwa Lise alijiona mwenyewe, mdogo, amesimama na ziwa nyuma yake. Alijua jina la mtu huyo. Alijua pia wakubwa wangapi wangempigia simu Kayembe kabla ya Ijumaa.

Kule Kamina, Kayembe alisoma maelezo yote akiwa amesimama, kisha akatoa ufunguo wa mahabusu bila kubishana, na hilo lilimtisha Lise kuliko makelele. André alitoka na jicho moja bado limevimba. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Alinifuata?" aliuliza.

"Alikufuata."

Aliketi kwenye ngazi za ofisi, akauweka mkono mdomoni, na wapita njia wakaacha kumtupia matusi.

Kutoka hapo mpaka mtaa wa reli Lise alitembea kwa miguu, polepole, akitafuta maneno. Alikuwa ameyasema maneno hayo kwa familia nyingi na kila mara yalimtoka vibaya. Mwili ulikuwa njiani na treni ya mizigo. Mikono yake ilikuwa imenawa kisiwani, imenawa Bukama, imenawa ofisini. Hapakuwa na haja ya kunawa tena.

Mlango ulikuwa wazi, na jiwe lilikuwa mahali pake. Mama Gisèle alimwona kutoka ndani, akafuta kiti kwa kitenge, akakisogeza karibu na kizingiti. Mara hii alitaka kumkaribisha.

"Ingia, mwanangu. Ingia ukae."

Lise hakuingia. Alisimama nje, mbali kidogo na kizingiti, na akainyoosha mikono mbele yake, viganja juu.

"Mama," alisema, "naomba kwanza mayi ya kunawa."

Mama Gisèle aliitazama mikono ile. Kisha alikwenda ndani, polepole, akatoka na beseni, akaliweka chini nje ya mlango, akavunja majani kwenye ua wa jirani na kuyaponda kwa vidole vyake. Lise alipomaliza kunawa, mama huyo aliinama, akaliondoa jiwe, akauacha mlango ujifunge.